Vidonge vya Mama Mkubwa

Mama alianza kupotea kwa pua kabla ya kupotea kwa akili, na sisi hatukujua kwamba huko ndiko kupotea kwenyewe.

Alikuwa mpishi wa udi. Nyumba yetu ilikuwa Mji wa Kale, ghorofa mbili, katika kichochoro chembamba hivi kwamba ukinyoosha mikono wagusa kuta za pande zote mbili. Kila mwezi alikaa jikoni na sufuria yake, akayeyusha sukari, akatia unga wa udi, sandali, mafuta ya miski na vitu vyengine ambavyo hakupata kumwambia mtu, akakoroga mpaka ikawa nzito na nyeusi, kisha akaimimina kwenye sinia ipoe. Wanawake walitoka Bondeni na Majengo kuja kununua udi wake kwa ajili ya harusi. Sikuwahi kumwona akipima kwa kijiko. Alikuwa akinusa tu, macho ameyafumba, kisha akisema, "Bado," au, "Basi."

Siku moja, katikati ya miaka ya tisini, nilirudi kutoka kazini nikakuta kichochoro kizima kimejaa moshi. Jirani alikuwa amesimama mlangoni kwetu akiita na hakuna aliyemwitika. Nilipanda ngazi mbio. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, mwiko mkononi, akikoroga sukari iliyokwisha kuwa makaa. Moshi ulikuwa umemfunika uso, machozi yakimtiririka, naye hana habari.

"Mama, yaungua!"

Alinyanyua pua juu kidogo, akafumba macho kama ilivyokuwa desturi yake.

"Bado," akasema.

Tulikuwa watu watatu katika nyumba ile: mama, dadake mkubwa, na mimi. Baba alikuwa amekwisha kufa. Mimi nilikuwa nimepita miaka thelathini, nimeachika bila mtoto, nimerudi kwetu, na nilikuwa nikiuza katika duka la dawa kule Bondeni. Mama mkubwa naye alikuwa mjane. Tangu nikiwa msichana mdogo, alikuwa na ugonjwa wa baridi yabisi. Vidole vyake vilikuwa vimepinda vyote upande mmoja, vifundo vimevimba, na asubuhi hakuweza hata kujifunga leso mpaka jua lipande na viungo vilegee. Kwa miaka kama ishirini alikuwa akimeza vidonge vya rangi ya waridi, asubuhi na jioni, kila mara baada ya kula. Nilipopata kazi dukani, mimi ndiye niliyekuwa nikimletea.

Mama ndiye aliyekuwa na nguvu. Aliteka maji kisimani uani, alimchana dadake nywele, alimvisha, alimshika kiunoni akimteremsha ngazi siku za kwenda kuzuru jamaa. Watu waliokuja kwetu walimwonea huruma mama mkubwa. Hakuna aliyefikiri kumwonea huruma mama.

Baada ya siku ile ya moshi, alianza kusahau. Kwanza yalikuwa mambo ya kuchekesha. Alikwenda Biashara Street kununua leso akarudi na leso ileile aliyoinunua juzi. Alimchana mama mkubwa nywele mara tatu asubuhi moja, na mama mkubwa akamwacha, kwa kuwa, aliniambia, mkono wa mdogo wake ulikuwa haujasahau kitu. Kisha mvua za masika zikaja na malaria. Mama alilala siku tano, mwili wamchoma, akizungumza na watu tusiowaona. Homa iliposhuka, mwili ulipona. Yeye hakurudi wote. Alinyanyuka kitandani akauliza choo kiko wapi, katika nyumba aliyozaliwa ndani yake.

Baadaye akapata homa ya njia ya mkojo, kisha malaria tena. Nilianza kuuona mwendo wake. Kila homa ilimchukua ikamrudisha pungufu. Mwili ulikuwa ukipigana na kushinda, na kila ushindi kitu kilikatika ndani ya kichwa chake.

Ilikuwa baada ya homa ya tatu aliponishika kidevu.

Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake nikimvisha viatu. Nina kovu dogo chini ya mdomo. Nilianguka ngazini nikiwa na miaka minne, na mama ndiye aliyeizuia damu kwa unga wa kahawa. Alinishika, akaugeuza uso wangu kwenye mwanga wa dirisha, akalipapasa lile kovu kwa kidole gumba.

"Hili umelitoa wapi?" aliniuliza kwa sauti ya upole.

"Nilianguka ngazini, mama. Wewe ulinitia kahawa."

"Aliyeanguka ni mwanangu," akasema. "Nakuuliza wewe. Umelitoa wapi?"

Nilicheka, kwani sikujua la kufanya. Yeye hakucheka. Aliendelea kunitazama kama mtu anayetazama kitu chake kilichoibwa akakikuta kwa mwengine, wala hana ushahidi.

Tangu siku ile nikawa mgeni. Mama, ambaye maisha yangu yote hakuwahi kunishukuru kwa gilasi ya maji, alianza kuniambia ahsante. Alinikaribisha chakula nilichokipika mwenyewe. Jioni nilipokwenda chumbani kwangu alisimama mlangoni, mikono ameifumbata, akanambia, "Karibu ulale, lakini usikae sana. Mwenyewe akirudi hatapenda kukuta mtu kitandani mwake."

"Mwenyewe nani, mama?"

"Mwenye chumba."

Mama mkubwa alimkemea. "Huyu ni mwanao! Mtazame!" Mama akamjibu kwa kumnong'oneza, lakini nikasikia: "Najua wafanana, dada. Hilo ndilo linalonitisha."

Palikuwa na daktari mzee, amestaafu, akikaa karibu na duka letu. Alasiri alikuja akakaa kwenye benchi letu kusoma majarida ya udaktari aliyoletewa na mwanawe aliyekuwa akiishi ng'ambo. Alipenda kuzungumza kuhusu aliyoyasoma, na mimi nilikuwa msikilizaji mzuri. Siku hiyo nilikuwa nikihesabu vidonge vya mama mkubwa kuvitia kwenye bahasha, naye akaniuliza ni vya nani. Nikamwambia.

"Dadake mamako, kinga ya mwili wake imekosea adui," alisema. "Kinga ni ya kupigana na vijidudu. Kwake yapigana na viungo vyake mwenyewe, ndiyo maana vyavimba. Vidonge hivi huituliza kidogo." Akafungua jarida lake, akalifunga tena. "Na sasa kuna wataalamu wameanza kushuku jambo. Wasema kwa wazee wanaopotewa na akili, huenda kinga hiyohiyo yafanya kazi kupita kiasi ndani ya ubongo. Moto mdogo, mtu hauhisi, wawaka miaka na miaka. Tena inaonekana watu wa baridi yabisi, waliomeza dawa kama hizi nusu ya umri wao, hawapotewi na akili sana kama wengine."

Mkono wangu ulisimama juu ya vidonge.

"Kwa hivyo vyazuia?"

"Sikusema hivyo. Huenda ni vidonge. Huenda ni ugonjwa wenyewe. Huenda ni kitu chengine kabisa. Hakuna anayejua bado."

Nilisikia yote aliyoyasema, lakini nilirudi nyumbani na nusu. Nilipanda ngazi nikawakuta wamekaa mkekani wanawake wawili waliolelewa na mama mmoja, waliokula chungu kimoja, waliougua malaria zilezile. Mmoja mikono yake imeharibika na akili yake kali kama wembe. Wa pili mikono yake mizima, akinitazama na kujiuliza nimeingiaje. Tofauti yao, machoni mwangu, ilikuwa ndani ya bahasha niliyoishika.

Ningemuuliza daktari waziwazi. Ningemwambia mama mkubwa. Sikufanya lolote kati ya hayo, na nilijua kwa nini: wangeniambia nisifanye. Nilijua vidonge vile vilivyo. Kila siku dukani niliwaambia watu wasivimeze na tumbo tupu. Nilijua mama alikuwa na tumbo baya tangu ujana. Nilijitia kusahau.

Tatizo lilikuwa kwamba mama hakula tena kutoka mkononi mwangu. Alikubali chakula cha dadake tu. Basi nilisaga vidonge viwili, nikavikoroga kwenye kikombe cha asali, nikampa mama mkubwa ampe. Mama mkubwa alikishika kikombe kwa viganja vyote viwili, kwa vile vidole havikuweza kushika, akamlisha mdogo wake kijiko baada ya kijiko, akimwambia, "Fungua mdomo, ni asali."

"Chungu," mama alisema.

Mama mkubwa alinigeukia. "Umetia nini?"

"Habasoda," nikasema. "Ni nzuri kwa wazee."

Akaridhika. Alikuwa akiniamini.

Wiki ya pili, asubuhi moja, mama aliniita kwa jina langu. Alinikuta jikoni, akaniambia niupunguze moto chini ya chai, akaniita jina langu kamili kama alivyoniita nikiwa mtoto na nimefanya kosa. Ilikuwa mara moja tu, labda muda wa kupumua mara mbili. Jioni ile nilisaga vidonge vitatu.

Hapo ndipo yule mwengine alipoanza kuja.

Nilikuwa nikirudi kutoka dukani baada ya alasiri. Mama alikuwa amekaa juu ya ngazi, amevaa leso safi na amejipaka wanja.

"Mwanangu alikuja," aliniambia kwa furaha.

"Lini, mama?"

"Sasa hivi. Mmepishana ngazini."

Ngazi zetu zilikuwa nyembamba na zenye giza; watu wawili hawapishani pale bila kugusana mabega. Nilijua kwamba sikupishana na mtu. Hata hivyo niligeuka nikatazama chini, na nikajikuta najipangusa bega.

Akawa anakuja karibu kila siku, mimi nikiwa sipo. Mama alinipa habari zake. Alikuwa mzima, alikuwa amenenepa kidogo, alikuwa ameolewa vizuri. Alikuwa akiuliza nani analala chumbani kwake. Nilimsikiliza mama akinisimulia maisha ya huyo mtu aliyekuwa mimi na akafanikiwa, nikahisi kitu ambacho naona haya kukiandika: nilimwonea wivu. Kisha jioni moja mama alikisukuma kikombe alichopewa na dadake.

"Mwanangu amenambia nisile asali hii," alisema. Alikuwa akimwambia mama mkubwa, lakini macho yake yalikuwa kwangu. "Asema yule mgeni atia sumu."

Mama mkubwa alisema, "Astaghfirullah." Katika nyumba ile palikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kilichokuwa ndani ya kikombe, nami sikuwa nimemwambia mtu.

Nilijiambia kwamba alionja uchungu, na mtu anayeogopa huita kila uchungu sumu. Najiambia hivyo mpaka leo.

Siku chache baadaye mwenye duka alifiwa na jamaa, tukafunga mapema. Nilifika nyumbani baada ya adhuhuri, saa ambayo Mji wa Kale wote hufunga madirisha kwa ajili ya joto na husikii hata paka. Nilipoweka mguu kwenye ngazi ya kwanza nilisikia sauti ya mama kutoka juu. Alikuwa akizungumza. Si kunung'unika kwake kwa siku zile. Ilikuwa sauti yake ya zamani, ya kuzungumza na wateja, yenye mizaha. Alisema jambo, akanyamaza, kimya cha mtu anayesikiliza, kisha akacheka cheko lile ambalo sikulisikia kwa mwaka mzima. Akasema, "Haya, kunywa, itapoa."

Sikuweza kupanda. Ni mama yangu na ni nyumba yetu, na nilisimama pale gizani, mkono umeshika ukuta, kwa kuwa niliogopa kwamba nikipanda nitamkuta.

Mwishowe nilipanda. Mama alikuwa peke yake mkekani. Dele la kahawa lilikuwa mbele yake, na vikombe viwili. Kimoja, mbele yake, kilikuwa kimejaa. Cha pili kilikuwa upande wa pili wa mkeka, kitupu, machicha ya kahawa bado yana unyevu. Mama mkubwa alikuwa chumbani kwake amelala, nilimsikia akikoroma, na vikombe vile vidogo visivyo na mkono hakuwa na vidole vya kuvishika.

Mama aliinua macho. Uso ulimshuka.

"Umemfukuza," akasema.

Nilikusanya vikombe nikavipeleka jikoni. Nilijiambia amekunywa mwenyewe, kisha akajimiminia tena. Nilikiosha kile kitupu mara mbili. Na jioni, baada ya yote hayo, nilisaga tena vidonge. Sijui kwa nini sikukoma. Nadhani nilitaka kumshinda yule mwengine. Nilitaka mama anirudie kabla hajamchukua moja kwa moja.

Kwa muda wa kama wiki mama alikuwa akila kidogo sana, lakini dadake alimbembeleza mpaka akaimeza tena ile asali niliyoitia vidonge, na tumbo tupu. Ijumaa moja asubuhi mama mkubwa aliniita kwa sauti ambayo sikupata kuisikia kwake. Mama alikuwa amekaa sakafuni karibu na choo, ameegemea ukuta, midomo myeupe kama karatasi. Kilichomtoka kilikuwa cheusi, kinanata kama lami, na harufu yake niliijua, kwani wateja walikuwa wakinielezea, nami nikiwaambia wakimbilie hospitali mara moja.

Majirani walimteremsha kwa shuka. Mama mkubwa alikataa kubaki. Walimteremsha naye, tukaingia sote katika teksi moja. Hospitalini daktari alikuwa kijana, mwenye haraka na adabu. Alimbonyeza mama tumbo, akamtazama kope, akauliza, "Anatumia dawa gani za maumivu?"

"Hatumii dawa," mama mkubwa alijibu. "Mimi ndiye nitumiaye."

Daktari alinitazama mimi. Ningeweza kunyamaza. Lakini mama alikuwa amelala pale na damu yampotea, na daktari alihitaji kujua.

"Anatumia," nikasema. Nikataja jina la dawa, na vidonge vingapi, na kwa muda gani. "Ninamtilia kwenye asali."

Daktari aliandika. Mama mkubwa hakunitazama. Aliinamisha kichwa akaitazama mikono yake iliyolala mapajani, kama vile si yake, kama vile mtu amemwekea.

Mama alitiwa damu, na kwa rehema ya Mungu tumbo likaacha kuvuja. Lakini huko wodini alishikwa na homa, na homa ile ilifanya kama zile nyengine. Tulimrudisha nyumbani baada ya siku kumi, mwembamba, mtulivu, macho yake yakipita juu yetu kama yapitavyo juu ya viti. Yule mwengine hakuja tena. Hakukuwa na vikombe viwili tena, wala cheko. Nilidhani nitafurahi, lakini nyumba ilizidi kunitisha, kwa vile sasa hata yule alikuwa ametuacha.

Mama mkubwa hakusema nami siku nne. Siku ya tano aliniita chumbani kwake.

"Umenitilia sumu mkononi nimlishe mdogo wangu."

"Nilidhani yamsaidia, mama mkubwa. Daktari mzee alisema watu wamezao vidonge kama vyako hawapotewi na akili sana..."

"Najua ulidhani nini. Ungeniambia ningekukataza. Ndiyo maana hukuniambia." Aliinua mikono yake miwili iliyopinda. "Mikono hii haijafanya kazi ya maana miaka mingi. Ikapata moja, kumlisha. Nawe ukaifanya kazi hiyo iwe ya kumtilia sumu."

Baadaye aliniambia nikamwombe mama radhi.

"Hanijui, mama mkubwa. Aombwaje mtu asiyekujua?"

"Nenda hivyohivyo."

Nilikwenda. Mama alikuwa amekaa dirishani, mwanga wa alasiri umemwangukia magotini. Nilipiga magoti nikamshika miguu.

"Mama, nataka radhi yako."

Alishtuka kidogo, akanitazama kwa heshima, kama atazamwavyo mtu mzima wa watu aliyeingia nyumba siyo. "Kwani umenifanyia nini?"

"Nilikupa dawa kwa siri. Ikakuumiza."

Alifikiri. Ilimchukua muda mrefu, nami nilimwona akitafuta, akiingia chumba baada ya chumba ndani ya kichwa chake na kukuta kila kimoja kitupu.

"Basi nimekusamehe," akasema. "Lakini usimwambie mwanangu. Ana roho nyepesi, atalia."

Nililia. Alinipangusa uso kwa ncha ya leso yake, na kidole chake kikapita juu ya kovu langu bila kusimama. "Usilie, mgeni wangu," akasema. "Usilie."

Sikumsikia akimtaja mwanawe tena baada ya hapo. Mama mkubwa alisema radhi ni radhi, Mungu anamjua aliyeiomba. Mimi sikuwa na hakika, wala sina. Msamaha ule alipewa mgeni.

Mama aliishi mwaka mmoja na miezi kadhaa. Alikufa asubuhi, kwa homa ya mapafu, baada ya siku tatu za kupumua kama mtu anayepanda ngazi. Nilikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha. Mwili wake ulikuwa mzuri, viungo vyote vimenyooka. Vidole vyake tulivilaza ubavuni, virefu, havina kasoro, na shoga yake mmoja alisema hajaona mzee mwenye mikono kama ile.

Daktari mzee alikuja kilioni akakaa na wanaume chini. Baada ya siku kadhaa nilipomkuta kwenye benchi dukani, nilimweleza niliyoyafanya. Alivua miwani yake. "Nilikuwa nikizungumza kama mtu anayesoma gazeti kwa sauti," alisema. "Hukuniambia kwamba una mama anayeumwa, nami sikukuuliza." Akasema huenda siku moja itajulikana kwamba moto ule huzimwa kabla haujaanza, miaka ishirini kabla, na kwamba kwa aliyekwisha kuungua dawa haifai kitu. Hakusema kwa kunifariji. Miaka mingi baadaye nilisikia kwamba waliowapa vidonge kama vile wazee waliokwisha kupotewa na akili hawakuona nafuu.

Arobaini ya mama ilipopita, mama mkubwa aliacha vidonge.

Sikutambua mara moja. Nilidhani ni huzuni inayomfanya asitoke chumbani. Kisha nikaona bahasha haipungui. Vifundo vyake vilikuwa vimevimba kama ndimu, vyekundu, na hakuweza kugeuza shingo. Nilimuuliza kwa nini.

"Kama ni hivi vinavyonizuia," alisema, "basi naviacha."

"Vinakuzuia nini?"

"Kwenda alikokwenda." Alizungumza taratibu na kwa akili timamu, na hilo ndilo lililoniogofya kuliko yote niliyoyasikia katika nyumba ile. "Kila kilichokuwa chake na changu sasa ni mimi tu ninayekikumbuka. Mama yetu, nyimbo zetu, siku ulipozaliwa wewe, na hiyo asali. Yeye alivitua vyote akenda zake mwepesi. Kwa nini mimi nivibebe?"

"Daktari mwenyewe hakuwa na hakika, mama mkubwa. Huenda havihusiani kabisa."

"Basi nijaribu nione."

Alijaribu wiki sita. Nilimvisha, nilimlisha, nilimgeuza kitandani, naye alikuwa akilia kwa maumivu kila nikimgusa. Kila asubuhi nilipoingia alikuwa akinitazama kwanza usoni, akingoja. Nami nilikuwa nikingoja, kuona kama amenijua. Kila asubuhi alinijua. Aliniita jina langu kwa sauti ya mtu aliyekosa alichokuwa akikitaka.

Wiki ya saba aliniambia nimletee vidonge. Hakutoa sababu, wala sikumuuliza. Niliviweka kimoja kimoja kwenye ulimi wake, kwa sababu mikono haikufika mdomoni.

Aliishi mpaka muongo ule ukakaribia kwisha. Akili yake haikuyumba hata siku moja. Alikumbuka nani alimwoa nani, na mahari, na nani alivaa nini, na saa gani mvua ilianza kunyesha siku ya harusi yangu. Hakuitaja tena asali, lakini mara moja moja, nikimpa kikombe cha chochote, alikitazama kidogo kabla ya kufungua mdomo. Alinijua mpaka pumzi ya mwisho. Nilikuwa nikimwomba Mungu iwe hivyo. Na kuna siku, Mungu anisamehe, nilikuwa nikitamani asinijue.